Kiboko Wetu Amenyimwa, Fuko Wenu Amepewa

Nzembi Makau,
Kianda, Kibera.
Jumatano, tarehe 16 Julai.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tuzo Kuu ya Katuni,
Ukumbi wa Video, nyuma ya karakana ya kuchonga,
Kawangware.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni Mjomba Urbanus,

KUH: KUPOKONYWA USHINDI KWA KIBOKO

Kutoka Kianda tunakusalimu. Sote tu wazima isipokuwa mimi, ambaye nimeumia kwa sababu nitakazozieleza kwa nambari. Nimeamua kuandika kwa sababu unanijua. Nikipiga simu nitasema, “Habari, Mjomba,” utasema, “Nzuri,” halafu nitasikiliza pumzi zako hadi kredo iishe. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema nikishika kalamu mimi huwa mtu mwingine. Basi ni huyo mtu mwingine anayelalamika.

Nitaeleza tangu mwanzo, kwa sababu naamini barua hii utaisomea kamati nzima. Mwaka huu wale wa ng'ambo walitoa tuzo yao kubwa kwa katuni ambayo mimi sijaiona, wewe hujaiona, na hata Opondo wa ukumbi wetu wa video wa Laini Saba, ambaye huona kila kitu, hajaiona. Wewe ukasema kama ni hivyo, hata sisi tunaweza kutoa yetu. Nilikuunga mkono, ingawa kimoyomoyo. Mabishano yakapigwa Kibera na Kawangware mwezi mzima, zikabaki katuni mbili: yetu, “Kiboko Arudi Nyumbani”, na yenu, “Fuko Apata Jiko”.

Kama ujuavyo, zote mbili zilitufikia zikiongea lugha ya nchi ambayo hakuna anayeijua, na chini hazina hata neno moja la maandishi. Kwetu Opondo hushika maikrofoni akatusimulia kinachoendelea. Kwenu hufanya hivyo Gathogo. Na kila mmoja huificha flashi yake yenye katuni kama kitambulisho. Ndiyo maana hakuna mtu wa Kibera aliyemwona Fuko, wala mtu wa Kawangware aliyemwona Kiboko.

Jumapili ya tarehe 22 Juni, baada ya kanisa, tuzo akapewa Fuko. Tangu siku hiyo Kamene, binti yako, haniongeleshi. Mimi pia simwongeleshi, ingawa nimemwandikia ujumbe mara kumi na moja na kuufuta mara kumi na moja. Likizo ya Agosti inakaribia, na likizo zote za maisha yangu nimezikaa na Kamene. Yeye ndiye huniagizia chipsi. Nikienda peke yangu mwenye kibanda huuliza, “Unasema?” mara tatu, kisha mimi hurudi nyumbani bila chipsi.

Sasa malalamiko.

1. Majaji wote watano ni wa Kawangware na hakuna hata mmoja aliyemwona Kiboko. Walimhukumu kwa kusimuliwa. Najua utasema hata mimi sijamwona Fuko. Ni kweli, lakini mimi si jaji. Mimi ni shabiki, na shabiki anaruhusiwa kutojua.

2. Tuzo yenyewe uliichonga wiki tatu kabla ya kura, tena kwa sura ya Fuko! Mjomba, hata kwenye mpira kombe halitengenezwi likiwa limevaa jezi ya timu moja. Na kuna jambo la ajabu. Picha ya tuzo hiyo nilimwonyesha Mama bila kumwambia chochote, naye akasema, “Urbanus siku hizi anachonga viboko wazuri.” Nikaenda nayo Laini Saba. Opondo alipoiona akaiita Kiboko kwa jina lake. Kwa hiyo hata mti uliouchonga unajua nani alistahili.

3. Jaji Austin alisema katuni ni ya kuchekesha, na kwamba mtu akitaka kulia asubiri habari za saa moja. Hoja hii ni nyepesi mno. Kuchekesha watu ni rahisi. Gathogo anaweza kuwachekesha kwa kifuniko cha sufuria. Lakini kumliza fundi wa bodaboda aliyeingia na njugu mkononi, hadi njugu zimwagike na asiziokote, hiyo ni kazi. Kama tuzo ni ya aliyefanya kazi, hesabu machozi.

4. Nimesikia kwamba katika katuni yenu unga huanguka kutoka mbinguni, ati ni baraka ya harusi. Jamani! Unga! Mimi hufanya somo la Jiografia. Katika yetu ni mvua ya mawe, jambo ambalo lipo na hupigwa picha hata kule Nyahururu. Katuni kuu ya Nairobi haiwezi kuwa ile ambayo hali ya hewa yake ni ya kusagwa.

5. Lalamiko hili ni zito, naomba uketi. Nimefanya uchunguzi. Nimewauliza watoto watatu wa Riruta, majirani zenu, wanaosoma shule moja nami, kila mmoja kwa wakati wake, na nimegundua kwamba Fuko ni mwizi. Kiboko hubeba sanduku jekundu mgongoni, lenye mwili wa marehemu babake, akimrudisha ziwani kumzika. Fuko naye, nasikia, ana sanduku jekundu mgongoni, ati limejaa mablanketi ya wakwe. Kiboko hupita kilima chenye mti mmoja. Fuko naye kilima, mti mmoja! Sanduku la Kiboko huanguka mtoni. La Fuko pia mtoni! Hata meno wamemwigia: mawili, ya mbele. Shuleni watu wakinakiliana kiasi hiki matokeo ya kituo kizima hufutwa. Nashangaa kamati nzima ya watu wenye macho haikuona kitu.

6. Siku hiyo ya tuzo nilitakiwa kusimama nimtetee Kiboko. Unajua nisingeweza. Nikaandika kurasa mbili, na Austin akazisoma kwa sauti ya kulialia, akijipangusa pua kwa kipaza sauti ambacho hata hakikuwa kimewaka, maana stima ilikuwa imepotea. Watu walicheka. Hao wengine nawasamehe. Lakini Kamene alicheka pia, akiwa ameketi kando yangu, bega lake likitikisa langu. Ndipo nikasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba Fuko ni panya aliyeshiba. Kwa bahati mbaya nililisema pale kicheko kilipokatika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikika Kawangware. Kamene akainuka, “Na nyinyi je? Katuni ya matanga! Mnaingia video kulia kama mmetumwa!” Nikatafuta jibu. Nililipata Jumanne.

7. Hii ya saba si lalamiko, lakini nambari zilikuwa zimeshaanza kutembea. Mjomba, mwaka jana tulipompeleka Baba Kitui, sanduku ulilitengeneza wewe, na ukaliwekea vile vishikio vya mbao vilivyopinda. Mimi sikulia. Akina mama waliniangalia wakasema mtoto huyu ana roho ngumu. Si roho, Mjomba. Ni kwamba siwezi kulia watu wakiniangalia, kama nisivyoweza kuagiza chipsi. Sasa kwa Opondo madirisha huzibwa kwa blanketi, na kila mtu anaangalia mbele. Sanduku la Kiboko lina vishikio vilivyopinda. Nimeitazama katuni hiyo mara tisa. Kwa hiyo mliposema si bora, kwamba ni ya matanga, nilisikia vibaya kuliko mlivyosema.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

Kwanza, Fuko avuliwe tuzo na afungiwe asishindane kwa miaka kumi, yeye na mke aliyemwoa.

Pili, kura irudiwe, nusu ya majaji wakitoka Kibera, na waangalizi waletwe kutoka mahali ambapo watu hawana katuni wanayoipenda.

Tatu, Gathogo aandike taarifa akieleza unga ule ulisagwa wapi.

Nne, kamati ikikataa, Kibera itajiondoa na kuanzisha tuzo yake. Tayari tuna jina na tuna meza. Tunatafuta mchongaji. Tumeuliza kote, na mchongaji pekee tunayemfahamu ni wewe, kwa hiyo tutakuomba utuchongee.

Tano, Kamene aniombe msamaha mbele ya kamati. Kama hilo ni gumu, aniandikie ujumbe. Kama hilo nalo ni gumu, anitumie tu salamu ya “sasa”, hata bila alama ya kuuliza. Nitajua la kujibu, nimeshaliandika mara kumi na moja.

Nisalimie Anti Kanini, mwambie ile sweta inanitosha. Wasalimie mafundi wote wa karakana, jirani yenu mwenye kuku, na majaji wanne. Austin msalimie siku nyingine.

Ni mimi mpwa wako, ninayekuheshimu kama mjomba na kukupinga kama mwenyekiti,

Nzembi Makau,
Kidato cha Tatu.

N.B. Jumamosi, tarehe 19 Julai.

Mjomba, nilikuja leo kuipitisha barua hii chini ya mlango wa karakana nitoroke. Hukuwepo. Kule nyuma ukumbini muziki ulikuwa unaanza, nikasimama. Muziki huo naujua. Naweza kuuimba nikiwa nimelala.

Niliingia nikakaa benchi la mwisho. Kwenye skrini kukatokea mnyama wa kijivu, hana shingo, ana meno mawili mbele. Gathogo akasema kwa maikrofoni, “Ona fuko wetu, amechoka kukaa chini ya viazi, leo anaenda kuoa!” Mgongoni ana sanduku jekundu. Vishikio vimepinda. Kikaja kilima, ukaja mti. Kisha mvua ya mawe ikaanza, na watu wote wakapiga makofi wakisema, “Unga! Unga!”

Kwa hiyo malalamiko, kuanzia la kwanza hadi la sita, ninayaondoa. La tano naliondoa mbio. Ni katuni moja, Mjomba. Imekuwa moja siku zote. Opondo alikulia ziwani, Gathogo alikulia shambani, na mchoraji wa huko ng'ambo, Mungu anamwona, hakumwekea mnyama wake shingo.

Lakini tulipofika mtoni sanduku likaanguka, Gathogo akapiga kelele, “Mablanketi ya mama mkwe!” na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mimi nikalia. Nililia kwa sauti, Mjomba, sijui sauti hiyo ilikuwa imekaa wapi. Benchi la mbele msichana akageuka gizani akaita, “Wee! Nani huyo analilia harusi? Kwani nani amekufa?”

Watu wakacheka.

Nikasema, “Baba.”

Sikusema kwa sauti ya chini. Nilisikika hadi mbele, kwa sababu msichana yule, Kamene, aliijua sauti, akaja akiruka mabenchi na kukanyaga miguu ya watu, akaketi kando yangu. Hakusema samahani wala sasa. Aliniuliza tu, sikioni, kwa nini babake Kiboko alitaka kuzikwa ziwani. Nikamsimulia yote hadi mwisho, kwa kunong'ona, huku Gathogo akiozesha binti kwa maikrofoni. Sanduku lilipotolewa majini alikuwa analia yeye. Akasema ni unga umemwingia machoni.

Barua nakuachia hivyo hivyo kwa sababu ni kurasa nne na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Tuzo isikatwe wala isihamishwe. Agosti nakuja, na Jumamosi ya kwanza tutampeleka Kamene kwa Opondo.

Ila kwa haki ya Mungu, Mjomba, yule ni kiboko.