Uzito Rasmi wa Mkurugenzi wa Theluji

Halmashauri ya Gundabarra ina furaha kuutangazia umma kwamba, kwa mwaka wa sita mfululizo, hakuna mkazi wake hata mmoja aliyedhuriwa na theluji. Mafanikio haya ni matunda ya Idara ya Utayari wa Theluji, chini ya Mkurugenzi wake, Desmond Tuckwell. Wapo waliosema kwamba Gundabarra ni tambarare ya ngano na kondoo, na kwamba theluji haijawahi kuanguka huko tangu mji uanzishwe. Desmond aliwajibu gazetini kwamba hiyo ndiyo maana halisi ya utayari.

Jumatatu halmashauri ingeamua kama idara ibaki au ivunjwe, na kura ya Meya Noelene Prowse ndiyo ingeamua. Desmond akamwandalia Meya ziara ya ukaguzi. Ijumaa wangeruka kwa ndege ndogo hadi milimani, na kwa kuwa theluji haikaguliki vizuri ukiwa umesimama, wangeikagua wakiteleza juu ya skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni. Ndivyo Desmond alivyoikagua kila Julai, katikati ya majira ya baridi. Alijua kwamba mtu akishateremka mlima ule mara moja na kunywa kitu cha moto, huwa hana moyo wa kuvunja idara.

Ndege ilikuwa ya Coral Vance, mfugaji wa kondoo, naye alikuwa na desturi moja. Hapandi mtu kabla hajasimama kwenye mzani wa kupimia sufu. Uzito unatangazwa kwa sauti, kisha unaandikwa kwa chaki kwenye mlango wa banda la ndege, kila mtu auone. Mwaka uliopita uliandikwa wa Desmond, na wanachama wa klabu ya ndege waliokuwa wakinywa chai wakapiga makofi.

Wiki iliyofuata Desmond akatoa waraka. Kipengele cha kwanza kilisema kuwa afisa wa halmashauri, awe amekaa au amesimama, ana kilo sabini na tano. Cha pili kiliongezwa ili waraka uonekane mkali: chochote kinachozidi uzito huo ni mzigo wa ziada, nao utasafirishwa kwa pikapu ya halmashauri chini ya uangalizi wa mwenyewe.

"Panda mzani, Des," Coral alisema asubuhi ile, chaki mkononi.

"Andika sabini na tano."

"Sabini na tano ya nini, kaka? Mguu mmoja?"

"Coral, kuna waraka."

"Najua upo, nimeubandika chooni. Ila ndege haijausoma. Na ile miti mwisho wa uwanja nayo haijausoma."

Meya alikuwa ameshapanda mzani na buti zake. Namba yake ilipotangazwa alisema, "Pai za nyama hizo, wala sijutii."

"Kama ndege ni nzito, basi punguza mafuta," Desmond alisema.

"Mafuta sigusi. Mawingu yakikalia uwanja wa kule, lazima niweze kuwarudisha nyumbani."

"Basi mzigo ushuke."

Coral akashusha skii, mabegi, na kreti ya mvinyo wa ukaguzi. Akapiga hesabu upya kwa uzito wa Desmond wa mwaka uliopita, akatikisa kichwa.

"Bado nzito."

"Umeshusha mzigo wote?"

"Wote uliokuwa kwenye mabegi."

Meya akaomba kuuona waraka. Desmond hakuwahi kutembea bila nakala. Meya alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, akaukunja.

"Des, panda mzani."

Amri ya Meya ni amri. Akapanda.

"Mia moja kumi na nane!" Coral alipaza sauti. "Hongera, kaka, hukupungua hata kidogo!"

"Sabini na tano ni Mkurugenzi," Meya alisema taratibu. "Arobaini na tatu ni mzigo wa ziada. Huo unakwenda kwa pikapu, chini ya uangalizi wa mwenyewe."

"Lakini Noelene, mwenyewe ni mimi!"

"Ndiyo maana sina wasiwasi nao."

"Hauwezi kutenganishwa na mimi!"

"Waraka sikuandika mimi, Des."

Coral akaandika mlangoni: *Desmond 75. Mzigo 43, kwa barabara.*

Desmond aliendesha siku nzima, skii zikigongana nyuma. Bado alikuwa na matumaini. Angefika jioni, asimame kando ya Meya kwenye mteremko, aeleze. Barabara ilipoanza kupanda na kingo zake kuwa nyeupe, akakuta kizuizi. Mwanamke mwenye koti la njano akainama dirishani.

"Habari, mzee. Minyororo ya magurudumu iko wapi?"

"Minyororo gani?"

"Ya theluji. Majira haya pikapu kama hii haipiti hapa bila minyororo. Hata watoto wanajua."

Miaka yote Desmond alikipita kizuizi kile akiwa angani. Simu ikalia. Alikuwa Meya, na nyuma yake watu walikuwa wakicheka.

"Des, nimeikagua theluji kwa skii za kukodi. Ipo ya kutosha, inafanya kazi yake vizuri, na sijaona anayeiongoza."

"Nimekaribia kufika, Noelene. Niko kwenye mazungumzo na wadau."

"Mazungumzo ya nini?"

"Ya minyororo."



"Usiniambie hukubeba."

Desmond hakumwambia.

"Basi Jumatatu, Des," Meya alisema kwa upole, na simu ikakatika.

Mwanamke wa koti la njano alikuwa amezunguka hadi kwenye mlango wa pili wa pikapu. Alisoma maandishi makubwa ya bluu: *Idara ya Utayari wa Theluji, Ofisi ya Mkurugenzi.* Akayasoma tena, akarudi dirishani.

"Samahani, mzee. Mkurugenzi ni wewe?"

Kwa miaka sita Desmond hakuwahi kuagiza hata chai bila kutaja cheo chake. Akazitazama skii kwenye kioo, kisha chembe za theluji zilizokuwa zikitua kwenye usukani.

"Hapana," alisema. "Mimi ni mzigo."