Maswali kwa Watakaonipasua

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu mpendwa, salamu nyingi sana. Hujambo? Miguu imeacha kuvimba? Na shemeji, goita yake inaendeleaje? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi. Nitakuandikia kidogo kila siku kisha nikutumie zote pamoja. Nikiwa na hofu siwezi kuandika mengi kwa mara moja.

Asubuhi nilikuwa na mpango mzuri. Niende kwa mkuu wa chuo cha udaktari, nimweleze kwa heshima zote kwamba wanamsomesha binti yetu mambo yasiyo na kazi. Mwaka wa pili tu huu na mtoto amekonda kama sindano. Akikaa mezani ni seli, asidi, chumvi za damu. Nilimwambia, mama, mgonjwa atakuja na jipu lake, hatakuja kukuuliza asidi. Mimi nashona suruali tangu hujaolewa na sijui pamba inaotaje. Akanijibu kwamba suruali haifi, baba. Watoto wa siku hizi.

Nikavaa koti la ibada. Nikainama kufunga kamba za viatu. Ngiri ikatoka.

Ile ile, dada. Ile niliyokuwa nairudisha kwa kidole na dua. Leo ilikataa. Wifi yako alinipakia kwenye teksi huku nikilia, sikufichi. Hospitalini daktari mkuu aliirudisha kwa mikono yake miwili, nikaona nyota mchana. Akasema ikinasa tena utumbo unaweza kufia humo humo. Nisitoke. Nipasuliwe wiki hii.

Nikauliza nani atanipasua. Akasema yeye, na wanafunzi wakimsaidia.

Wanafunzi. Wale wale niliotaka wapunguziwe masomo.

Jumanne, 4 Machi

Nimevalishwa gauni la hospitali. Limeachwa wazi mgongo mzima, kamba moja shingoni. Aliyelikata hakuwahi kukutana na binadamu.

Kitanda cha jirani yuko mzee anayetengeneza redio, naye ana ngiri. Ni mtu wa kujiamini, na kabatini ana mkate mzima ambao hamgawii mtu. Nilimweleza hofu yangu. Akacheka. Akasema mafundi ni mikono. Yeye ametengeneza redio maisha yake yote, na mpaka leo ukimuuliza umeme ni kitu gani hajui, na redio zinaimba. Daktari naye ajue pa kukata na pa kushona, hayo mengine ni mapambo ya vyuoni.

Maneno yangu mwenyewe, dada. Yalipotoka kwenye mdomo wa mtu mwingine yalinitia baridi. Nikamuuliza redio ngapi zimewahi kumlipukia. Akageukia ukutani.

Jioni daktari mkuu alikuja na kundi la makoti meupe. Wakanizunguka. Kila mmoja akaniambia nikohoe, akabonyeza. Kijana mmoja aliongea bila kumeza mate: msuli huu, mshipa ule, vyote kwa majina. Nikampa jina la Kasuku. Mwingine alikuwa na mikono ya moto na macho yake yaliniangalia usoni, si kwenye kinena. Huyo alipoulizwa kitu alifikiri mpaka wenzake wakakohoa. Nikamwita Kimya.

Nimemwomba Mungu nimpate Kasuku.

Jumatano, 5 Machi

Nimetunga mtihani.

Binti yetu alikuja na uji. Nikamwomba anipe swali moja gumu, lile linalowaliza mwaka wa pili. Akakunja uso, akanikumbusha kwamba juzi nilisema asidi hazina kazi. Nikamwambia juzi nilikuwa mzima. Akanipa: mzunguko wa asidi ya limau unafanyika wapi mwilini, na kwa ajili gani? Nikalikariri kama aya.

Makoti meupe waliporudi nikawatega. Kasuku alijibu palepale, dakika nzima, akachora na kidole hewani. Sikuelewa hata kipande, nikatikisa kichwa kama mtu anayesahihisha. Kimya alikaa kidogo, kisha akasema, "Siku ya mtihani niliujua wote, baba. Leo nimebaki na nusu. Nikikuambia naujua nitakuwa nakudanganya."

Nusu! Moyo ulishuka mpaka kwenye ngiri.

Fundi Redio alikohoa kwa furaha. Akasema sasa umewapima, na wewe nani alikupima kama unajua kupima? Nilifunga macho nikajifanya nasali. Kisha nikasali kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Habari mbaya. Sista wa zamu, mwanamke anayekanyaga sakafu kama anaikaripia, amenitangazia kwamba kesho ndiyo zamu yangu, na atakayemsaidia daktari mkuu ni Kimya. Kasuku atasukuma kitanda tu, zamu yake ya kusaidia ni Jumatatu. Nisile, nisinywe, hata maji. Nikala kiapo cha kutii.

Nikamwita Sista tena, nikamwuliza kwa sauti ya upole, je, mtu akila kwa bahati mbaya? Akasema atarudishwa wodini, apangiwe Jumatatu.

Jumatatu.

Unaona mpango ulivyojitengeneza wenyewe, dada? Mimi sikuutafuta. Nile kidogo tu, niseme ukweli nikiulizwa, nirudishwe, nimpate Kasuku. Hakuna uongo ndani yake. Hata dhamiri yangu ilinyamaza.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kutisha kuliko zote.

Asubuhi Fundi Redio alipokwenda kuoga, nilifungua kabati lake. Nusu mkate. Nikateremshia na chai ya maziwa iliyoachwa kwenye toroli ya walioruhusiwa kula. Nikajifuta mdomo, nikangoja kuulizwa.

Sista akaja. Akasimama juu yangu, akauliza kama nimekula. Dada, wewe unanijua tangu mdogo. Mwanamke mkali akiniuliza kitu, mdomo wangu unakana kabla sijaamua. Nikasema, "Hapana, Sista."

Akaenda. Nikabaki na mkate tumboni na uongo mdomoni.

Nikajipa moyo kwamba Kasuku ataniuliza, huyo nitamwambia. Kasuku akaja na kitanda cha magurudumu. Aliniuliza kweli, lakini alikuwa anaangalia saa yake, na Sista alikuwa bado mlangoni. Nikasema hapana mara ya pili. Tukaondoka. Gurudumu moja lililia njia nzima. Taa za darini zilinipita usoni. Nilitaka kupaza sauti, nikaishia kuzihesabu.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji alisimama Kimya. Akanishika mkono. Hapo mcheuo ukanitoka, mrefu, wa maziwa. Kasuku akageuka pembeni kwa adabu. Kimya hakugeuka. Aliinama karibu, akanusa.

Akauliza kama nimekula. Nikakana mara ya tatu, na nilipojisikia nikikana mara ya tatu nilitamani sakafu inimeze.

Hakunigombeza. Alifikiri, kama kawaida yake, kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayemweleza baba yake. Juu ya tumbo kuna msuli unaobana kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Dawa ya usingizi inalegeza misuli, na huo nao unalegea. Kilichomo tumboni kinapanda. Kikohozi chenyewe kimelala, hakuna wa kukizuia hicho chakula, kinateremka mapafuni. Na hakiendi peke yake, kinakwenda na asidi. Mtu anaweza asiamke.

"Basi ndiyo maana tunauliza sana, baba."

Asidi. Ile ile niliyotaka ifutwe.

Nikasema mkate. Nikasema nusu, na chai. Nikasema na mkate wenyewe si wangu.

Daktari mkuu alitoka na glavu mkononi. Alimwuliza Kasuku jina la ule msuli. Kasuku akalitaja, na kazi yake, na mishipa inayoulisha, bila kosa. Daktari mkuu akamwuliza, ulisikia ule mcheuo? Akasema ndiyo. Basi ulikuwa unampeleka wapi? Kasuku, mwenye majina ya vyote, akaangalia magurudumu. Nilimwonea huruma, maana kosa lilikuwa langu, nikasema hivyo. Daktari mkuu akasema langu atalifikia. Alilifikia.

Nimerudishwa wodini. Fundi Redio anaangalia kabati lake, kisha ananiangalia mimi. Nakohoa nikiwa nimeshika kinena kwa mikono miwili. Ikinasa kabla ya Jumatatu, ni mkate ulioniua.

Jumapili, 9 Machi

Haijanasa. Nimesali sana, bado naogopa kupiga chafya.

Binti yetu alikuja. Nikamrudia jibu la Kasuku la siku ile, vile nilivyolishika. Akasema lilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, dada. Anayejua yote alikuwa ananisukuma kaburini, na mwenye nusu ndiye aliyeninusa.

Nikamwuliza basi daktari asome kiasi gani. Akasema hajui, ila ile nusu ya Kimya haikujichagua, ilibaki baada ya kusoma yote. Hakuna anayejua mapema ni nusu ipi itahitajika. Kisha akafungua kitabu juu ya blanketi langu. Sikumzuia.

Nilimtuma Sista kwa daktari mkuu, aniombee Kimya ndiye asaidie Jumatatu. Sista akasema hapa si dukani.

Jumanne, 11 Machi

Niko hai. Mungu ni mwema.

Walinipasua jana. Kasuku alisaidia, hakukuwa na namna. Kabla ya dawa aliniuliza kama nimekula, akainama akaninusa, akauliza tena, akaninusa tena. Nikamwambia mwanangu, sijala tangu jana, hata mate nameza kwa kuhesabu. Akaninusa mara ya tatu.

Mshono nimeutazama kwa kioo. Mikunjo sawasawa, uzi haukuvutwa sana. Aliyeushona ningemwajiri.

Alhamisi, 13 Machi

Niko nyumbani. Wifi yako amenikataza hata kunyanyua mkasi. Kabla ya kutoka wodini nilimpa Fundi Redio mkate mpya. Aliupokea na kuufungia kabatini, akasema mafundi ni mikono, hata ya wizi.

Nimefikiri sana kitandani na nimepata somo. Nikipona nitakwenda kwa mkuu wa chuo na hoja iliyorekebishwa: wafundishe tumbo peke yake, tena vizuri, hayo mengine waache. Binti yetu ameninyang'anya koti la ibada akalificha.

Sasa la maana. Ulisema kwenye barua yako kwamba shemeji atapasuliwa goita mwezi ujao, pale wanaposomea wanafunzi. Maswali hayasaidii, nimeyajaribu, mwenye kukariri anapita. Kilichonionyesha daktari wa kweli ni ule mkate. Siku hiyo asubuhi mpe shemeji mkate kidogo na chai ya maziwa, asimwambie mtu, kisha acheue. Atakayenusa ndiye wake.

Nijibu upesi tafadhali, uniambie tarehe yake, na kama ana mazoea ya kucheua.

Ndugu yako.