Maua ya Plastiki Juu ya Jina

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kolwezi! Siku tatu za basi kutoka Tunduma. Miguu imevimba, lakini nimefika. Kazi yangu ni moja: nipigwe picha kando ya kaburi la Bibi Ndaya. Baba aliondoka hapa mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa, akiwa na miaka tisa. Hajarudi. Ukutani kwetu iko picha ya kaburi, jeupe, lina maua ya plastiki. Dada yake, Shangazi Jocelyne, aliyerudi huku baadaye, aliituma miaka mitano iliyopita. Kila Jumapili Baba huisalimu kabla ya chai.

Shangazi ananiita "mama", kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Heshima kubwa! Nimepewa firigisi ya kuku. Binti yake Shekina, mwenye firigisi miaka yote, amenitazama kama mwizi.

Jumanne, 10 Juni
Nimeomba twende makaburini. Shangazi: kesho. Mchana: vumbi jingi. Jioni: magoti yanauma. Na sokoni Manika alikwenda kwa miguu mara mbili! Nina hila. Nitasema Bibi amenijia ndotoni akilia kwamba hatembelewi. Nani atawakatalia mama wawili kwa mpigo?

Jumatano, 11 Juni
Hila imefaulu kupita kiasi. Shangazi alidondosha kikombe. Muda si mrefu nilikuwa katikati ya kikundi cha maombi, akina mama saba wamenishika kichwa. Wameamua nifunge siku mbili. Shekina alikula firigisi mbele yangu, taratibu, akiuliza kama mama angependa maji.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemhonga Shekina, anajua njia. Alitaka viatu vyangu vya Jumapili. Alivivaa hapo hapo. Teksi-moto, bodaboda ya huku, mpaka makaburi ya zamani, upande wa Mutoshi.

Nikaliona! Jeupe, maua yale yale. Nilipiga magoti, nikalia, nikamweleza Bibi alama zangu zote, hata tuzo ya mwandiko bora. Shekina alinipiga picha. Kisha nikasogeza maua nibusu jina.

Tshiamala Kabemba, katekista.

Shekina alicheka mpaka akakaa chini. Alijua! Mlinzi, Tata Kalumba, akanionyesha kwa kidole alipokuwa Bibi: shimo, pana kuliko uwanja wa shule yetu. Wachimbaji walifuata madini mpaka chini ya misalaba. "Balipita pale, mama. Miaka sita sasa. Ile mustari yote ilienda." Akanipa pole kwa Kifaransa. Nilirudi na ndala za Shekina, moja imekatika.

Jumamosi, 14 Juni
Nimemkabili Shangazi. Nilikuwa na hotuba ya vifungu vinne. Niliishia cha kwanza. Aliendelea kutwanga sombe, kisamvu cha huku, bila kuniangalia. "Mama, mi ningemuambia baba yako nini? Alikimbia na shati moja. Huku alibakisha mama yake tu."

Nimemhurumia. Nimemchukia. Nimelichukia shimo zaidi, lakini shimo halina wa kujibu. Nimeapa: kesho Baba ataambiwa ukweli. Msichana aliyefundishwa vizuri hasemi uongo.

Jumapili, 15 Juni
Baba alipiga simu kabla ya ibada. Aliuliza kama nimemgusa Bibi. Nikasema nimemgusa. Akaomba picha. Nilikuwa nayo, ile ya kabla ya kusogeza maua. Nikaituma.

Nikamsikia Baba akipenga kamasi. Kisha akasema haijapata kutokea kaburi likatunzwa hivi, na Krismasi anakuja mwenyewe kupiga magoti.

Shangazi aliketi juu ya gunia la makaa na gauni lake la kanisani. Shekina aliacha kutafuna.

Nimewatuliza. Tuna miezi sita. Mzee Tshiamala alikuwa katekista, atatusamehe. Shekina atatafuta kopo la rangi nyeusi. Amedai firigisi zote mpaka niondoke, nimekubali. Jina nitaliandika mimi. Nalijua vizuri, ni langu. Na kwa mwandiko hakuna anayenishinda.