Pipa la Mjomba Oddgeir na Mashine Yangu ya Joto

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama huwezi, basi soma kimoyomoyo, midomo isicheze, na usimwambie mtu. Hasa binamu yangu Eirik. Hasa jirani Brita. Bonde letu ni jembamba. Neno likitoka huku, ng'ambo ya mto wanalijadili kabla ya chakula cha jioni. Mimi ni karani wa mita za maji katika halmashauri. Nina cheo kidogo na moyo mdogo zaidi.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimepewa ufunguo! Mjomba Oddgeir amevunjika nyonga, na pombe ya Krismasi haiwezi kumngoja apone. Amesema hawezi tena kazi hii. Banda la kupikia, sufuria la shaba na chachu ya ukoo atamrithisha mmoja wetu, mimi au Eirik. Kanipa mimi nafasi ya kwanza kwa sababu, anasema, mimi ni mwangalifu. Eirik anauza magari na ana sauti kama tarumbeta. Amenuna!

Jumamosi ya wiki ijayo majirani watakuja kuonja, kila mmoja na chupa yake ya kuchukulia chachu. Pombe ikiwa nzuri, banda ni langu.

Maagizo ya mjomba: nitie chachu kwenye togwa la kimea likiwa na joto la maziwa yanayotoka kiweleni. Nitie nusu ya chupa, nusu nihifadhi. Pipa nilifunike kwa ngozi za kondoo, nilipapase kwa kiganja. Na wakati wa kutia chachu nipige ukelele kwa nguvu zote, la sivyo pombe itakuwa na usingizi.

Kiganja! Zama hizi! Nina mpango.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimepika tangu alfajiri. Matawi ya mreteni ya kutia harufu, kimea, moshi machoni. Pipa nimeliingiza ndani ya jokofu kuukuu refu lenye mfuniko juu, lililokuwa la duka la samaki. (Nimelisugua. Bado linanuka.) Humo nimetandaza waya wa kupasha joto. Ukutani nimetundika kompyuta ndogo kama pakiti ya sigara. Kipima joto kimo ndani ya pipa, nimekibandika kwa utepe wa gundi. Yote nayaona kwenye simu!

Vitabu vyote nilivyosoma vinasema nyuzi kumi na nane. Mjomba anasema maziwa. Vitabu vina majedwali. Nimeweka kumi na nane. Chachu nimetia chupa nzima. Nyingi ni salama kuliko kidogo.

Ukelele: nilifungua mdomo, nikamfikiria Brita dirishani kwake, nikaufunga. Nikawasha simu, mtangazaji wa mpira akashangilia goli kwa niaba yangu. Nadhani inahesabika.

Jumapili, 1 Desemba

Kimya. Hakuna povu. Pipa la mjomba kufikia saa hizi huwa linanguruma kama paka aliyeshiba.

Eirik alipita, eti kwa bahati. Aliliona jokofu akacheka mpaka akakaa kwenye theluji. "Bwana karani, umeifungia pombe ya mjomba na samaki?" Nikamjibu kwa ukavu kwamba hii ni sayansi. Akasema kweli, hata yeye anaisikia harufu ya sayansi.

Kisha Brita. Mjane, jirani wa mjomba, anapika pombe yake mwenyewe. Aliniita kwenye uzio akasema chachu ikigoma niseme tu, si aibu. Nikamwambia inakwenda vizuri mno. Nani alinituma?

Jumatatu, 2 Desemba

Asubuhi nilimkubali mjomba, kimyakimya, nikapandisha mashine hadi thelathini na saba, joto la maziwa yake. Nikaenda kazini.

Kikao cha mita. Simu chini ya meza. Joto: tisa. Tisa! Nikaagiza hamsini, mashine ijue sina mchezo. Bado tisa. Nikaagiza mwisho kabisa. Mkuu wa idara, Bi. Gunnvor, akauliza kwa nini natokwa na jasho. Nikasema mita.

Jioni sikuweza kuligusa jokofu kwa mkono mtupu. Utepe wa gundi ulikuwa umebanduka kwa mvuke. Uzito wa waya ulikivuta kipima joto hadi nje, kikaning'inia ukutani, kikipima baridi ya banda kwa uaminifu wote. Na mimi, kutoka kikaoni, nilikuwa nachochea moto! Mguu wa kondoo ungeiva ndani ya pipa lile.

Chachu ya babu wa babu zangu. Imechemshwa na mtu mwangalifu.

Jumanne, 3 Desemba

Leo niliamua kumwambia Brita. Nilifika hadi mlangoni, nikagonga. Akafungua. Nikamwuliza kama mita yake ya maji inafanya kazi. Inafanya. Nikamshukuru kwa niaba ya halmashauri, nikaondoka.

Jumatano, 4 Desemba

Hamira! Nimenunua ya mikate dukani, pakiti nyingi. Muuzaji aliuliza naoka nini. Nikasema keki. Akauliza ya harusi? Nikasema ya msiba.

Nimeitia. Povu! Povu mpaka kwenye mfuniko! Nimelikumbatia pipa.

Halafu nikakumbuka zile chupa za majirani. Watachukua hamira wakidhani ni chachu ya ukoo, na kila mtu ataimimina kwenye pipa lake la Krismasi. Bonde zima! Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Jumamosi, 7 Desemba

Mjomba aliletwa kwa gari, na magongo yake. Banda lilijaa.

Huku kwetu pombe nzuri husifiwa hivi: mtu anakunywa, anatazama ndani ya bakuli, anasema, "Si mbaya." Basi. Mpishi anaweza kufa akiwa na furaha. Leo wa kwanza alikunywa akasema ni nzuri sana. Wa pili akasema ina rangi ya kupendeza. Wa tatu akalisifu paa la banda. Nikajua nimekwisha. Eirik akauliza kama tunapewa na siagi ya kupaka. Mjomba alimeza mara moja, akayatazama magongo.

Kisha chupa zikatolewa. Brita mbele. Nilichota kijiko cha kwanza. Nikamtazama yeye, nikazitazama zile chupa zilizooshwa zikang'aa, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Msichukue! Ni hamira! Ya kwenu... yetu... nimeiua!" Kuta zilitetemeka. Mbwa wakabweka ng'ambo ya mto.

Mjomba akasema huo ndio ukelele, ila ulitakiwa wiki iliyopita.

Brita akasema alishuku tangu nilipomwuliza habari za mita. Kisha akaniambia kwa upole kwamba chachu haijafa. Yake ni ya Oddgeir, alipewa Krismasi iliyopita. Na Oddgeir aliipata kwa mama yake Brita, mwaka ambao panya walikula ya kwake. Kwani mimi nilidhani hizi chupa ni za nini? Nilidhani ni adabu tu.

Jumapili, 8 Desemba

Banda ni la Eirik.

Nilimwambia mjomba pombe yoyote inaweza kuharibika. Akakubali, zake zimeharibika mara nyingi kuliko anavyotaka kukumbuka. "Lakini wewe, mwanangu, umekaa na maiti ndani, na dawa iko nyumba ya pili. Mwenye banda lazima awe mtu wa kubisha hodi." Nilibisha, lakini kuhusu mita.

Eirik amenipa mkono. Amesema naweza kuja kupasua kuni. Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililoniumiza. Brita amenipa chupa ndogo ya chachu, kwa huruma, na onyo moja: nisiisogeze karibu na waya wowote. Nimelia njia nzima hadi kwangu.

Jumanne, 10 Desemba

Nimetafakari kwa kina na nimeliona kosa langu. Nilitumia kipima joto kimoja! Sasa ninavyo vitatu. Vinapiga kura: viwili vikikubaliana, cha tatu kinanyamazishwa. Badala ya utepe, gundi ya mabomba. Chachu ya Brita nimeitia yote kwenye ndoo, katika chumba cha kufulia nguo chini ya jengo letu. Brita alipiga simu kuuliza iko wapi. Nikamwambia imepumzika kabatini.

Ukitaka kunipata, usinipigie simu. Simu ndiyo inayoamuru joto, ikiita inachanganyikiwa. Usibonyeze kengele, inakula umeme mmoja na mashine. Zunguka nyuma ya jengo mpaka kwenye dirisha la chini lenye mvuke, ugonge kwa kidole kimoja. Nimo ndani. Ukikuta moshi badala ya mvuke, waite zimamoto, lakini tafadhali waambie ni nguo.