Fenesi Chini ya Kitanda cha Wageni

Jumatatu, 4 Novemba

Habari kubwa! Alhamisi ya wiki ijayo ni Siku ya Kisukari Duniani, na kliniki yetu itafanya mkutano uwanjani. Sista Justa ametangaza kwamba mgonjwa mmoja atahutubia. Atateuliwa yule ambaye kipimo chake cha Jumanne ya wiki hiyo kitakuwa kizuri kuliko vya wenzake.

Mimi Mwinjuma niliongoza shule hadi nilipostaafu. Tangu hapo sijahutubia hadhira yoyote isipokuwa kuku wa mke wangu, nao huondoka kabla ya hitimisho. Hotuba hiyo ni haki yangu.

Kikwazo ni kimoja tu: Castory. Karani mstaafu wa mahakama, jirani yangu hapa Misugusugu, Kibaha, mwenzangu katika maradhi. Sukari yake imetulia kama maji ya mtungini. Hula mlenda na kuusifu! Mtu wa namna hiyo ana lipi la kuwaambia wanadamu?

Nimemweleza Tatu, mke wangu, azma yangu. Akauliza kama azma hiyo inajumuisha kuacha maandazi ya Stellamaris ninayokula nikidhani yeye hajui. Nilimjibu kwamba swali hilo liko nje ya mada.

Jumatano, 6 Novemba

Chai kavu. Mchicha. Ugali wa dona, kipande kinachoweza kufichwa kiganjani. Nimetembea kwa miguu hadi lami, nikamkuta Castory tayari anarudi. Akanisimamisha na kuniuliza kwa upole, Mwalimu, mbona alfajiri hii, kuna msiba?

Nilimpuuza kwa heshima zote.

Jioni Tatu akanikagua nyayo, kama kila siku baada ya Magharibi. Kaka yake, marehemu Shabani, alianza na kidonda ambacho hakukisikia, akaishia kukatwa mguu. Tangu wakati huo Tatu huweka miguu yangu mapajani mwake, huwasha tochi, na kupita kidole baada ya kidole kama mkaguzi wa mitihani. Nikimtania hacheki mpaka amalize. Akimaliza hunipiga kofi dogo la wayo, maana yake nimefaulu.

Ijumaa, 8 Novemba

Kisarawe. Hitima ya mjomba wetu, nyumbani kwa dada yangu Mwanamvua. Nimekwenda peke yangu. Tatu ana mafua makali.

Niliikataa pilau mbele ya watu! Wazee walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Nilikaribia kusimama niseme maneno machache kuhusu kujinyima, lakini dua ilikuwa imeanza.

Wakati wa kuondoka Mwanamvua akanishika bega na kuniambia, kaka, umekonda kama ufito, huko Kibaha wanakulisha karatasi? Akanitwika fenesi. Kulikataa fenesi la dada mbele ya ukoo mzima ni kutangaza vita. Hata hivyo nililibonyeza kwa gumba: gumu kama tofali. Kwa hesabu zangu litaiva baada ya hotuba. Litakuwa tuzo.

Nimelileta ndani ya kiroba, juu yake nikapanga mihogo. Sasa limelala chini ya kitanda cha wageni. Tatu kwa mafua yale hasikii hata harufu ya dagaa. Mola ameniunga mkono waziwazi.

Jumapili, 10 Novemba

Fenesi halina nidhamu! Limeiva. Joto la chumba kile sikuliweka katika hesabu.

Castory alikuja kumpa Tatu pole ya mafua. Akaketi. Akainua pua. Akasema, Mama Hajira, nyumba yenu leo inanukia Kisarawe nzima. Tatu akajibu kwa sauti ya puani kwamba yeye hasikii kitu. Nikaingilia kati, nikafafanua kwamba ni sabuni mpya ya kudekia. Castory akauliza sabuni hiyo inauzwa duka gani, maana angependa kumnunulia mkewe Eugenia.

Adui mkubwa!

Alipoaga, Tatu akatoka kumsindikiza. Kumsindikiza mgeni, kwa Tatu, huchukua muda mrefu kuliko ziara yenyewe. Nikapata nafasi ya kuangamiza ushahidi. Nia yangu ilikuwa kulitupa, naapa. Lakini hata jalalani lingenuka, na Castory hupita pale kila asubuhi. Palibaki mahali pamoja tu ambapo fenesi haliwezi kugunduliwa.

Nililila kwa moyo wa mtumishi wa umma anayetekeleza wajibu mzito. Lilikuwa tamu kiasi cha kunitoa machozi. Maganda niliyafukia nyuma ya banda la kuku.

Kisha, ulimbo! Vidoleni, shavuni, kwenye masharubu. Kila mtoto wa Kisarawe anajua kwamba ulimbo wa fenesi hautoki kwa maji. Nilikimbilia jikoni, nikajisugua kwa mafuta ya kupikia.

Tatu aliporudi nilimpokea kwa kikombe cha maji ya tangawizi. Kikombe kikateleza mkononi mwangu, kikavunjika. Akaitazama mikono yangu. Akaitazama chupa ya mafuta. Akasema tu, Baba Hajira, leo umekuwa laini.

Jioni alinikagua nyayo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kofi la wayo sikupata.

Jumatatu, 11 Novemba

Hatua za dharura. Leo sili chochote mpaka nipimwe kesho. Vidonge nimemeza vyote, asubuhi na jioni, kwa kuwa mimi si mtu wa kukaidi daktari. Nimeongeza bilauri ya maji ya mwarobaini. Uchungu usioelezeka!

Tatu alinipakulia nikamwambia nimekula kwa Stellamaris. Nadhani ni mara ya kwanza katika historia ya ndoa kwa mume kusingizia maandazi ambayo hakuyala. Akafunika chakula, akakiacha mezani.

Nimekamilisha hotuba. Inaanza: Ndugu zangu, sukari haidanganywi. Sentensi yenye nguvu.

Jumanne, 12 Novemba

Siku ya aibu.

Siku za kliniki Tatu hunitilia pipi mbili mfukoni mwa shati, sukari isije ikashuka ghafla njiani. Kwa kawaida dharura hiyo hunipata kabla sijafika lami. Leo sikuzigusa. Nilikuwa askari.

Foleni ilikuwa ndefu. Kwanza jasho. Kisha bango la ukutani likaanza kucheza. Nilitaka kumwambia Castory, aliyeketi kando yangu, kwamba ajiandae kushindwa. Maneno yakatoka kama uji. Aliniangalia mara moja tu, yule karani! Akaingiza mkono mfukoni mwangu kana kwamba ni wake, akamenya pipi, akanisukumia mdomoni, akamwita Sista. Huku amenishika kichwa begani mwake, akinikaripia, tafuna Mwalimu, tafuna, usitufanyie ujinga.

Sista Justa alinipima. Akanisalimu shikamoo baba, kisha akaniambia kwamba kipimo changu ndicho cha chini kuliko vyote leo. Nikauliza, kwa sauti hafifu, kama basi nimeshinda. Akasema nimenusurika. Akaagiza nipimwe kile kipimo kingine, ambacho husoma sukari ya miezi mitatu iliyopita. Sikujua kwamba damu hutunza kumbukumbu! Maandazi yote yamo. Fenesi nalo halikukosa.

Ameteuliwa Castory.

Tatu alikuja kunichukua. Sikumweleza kitu, Castory alikwishaeleza. Hakunigombeza. Alikaa kando yangu kwenye benchi, akanishika mkono. Baadaye akasema, Shabani naye alikuwa hodari wa kunificha mambo.

Nikaomba radhi. Mimi!

Alhamisi, 14 Novemba

Nilimpa Castory hotuba yangu. Aliiomba jana, na mtu akikumenyea pipi humnyimi hotuba.

Uwanja ulijaa. Castory akasimama, akasema, ndugu zangu. Akakohoa. Akasema tena, ndugu zangu. Miaka yote mahakamani alikuwa akiandika maneno ya wengine. Kuyasema hadharani hakuwahi. Akaniangalia kwa macho ya mtu anayezama, akaninyooshea karatasi.

Nilipanda. Mola anisamehe, nilipanda kwa furaha.

Nilisema kwamba sukari haidanganywi. Nikasimulia habari za mgonjwa mmoja ninayemfahamu, msomi, aliyekula fenesi zima kisha akajinyima chakula ili aihadae kliniki. Kutoka katikati ya wanawake Tatu akapaza sauti: mtaje jina!

Uwanja ukaangua kicheko. Nikajitaja. Nikaahidi mbele ya wote kwamba sitajinyima chakula tena kwa ajili ya kipimo, na kwamba fenesi halitaingia nyumbani mwangu. Makofi! Tatu alicheka huku akifuta macho kwa ncha ya khanga.

Jioni nilipata kofi la wayo. Mawili, moja kwa kila mguu.

Ijumaa, 15 Novemba

Ahadi ni ahadi. Nimeitafakari neno kwa neno tangu Alfajiri.

Nilisema nyumbani mwangu. Nyumba ya Castory sikuitaja. Mwanamvua amepiga simu: sifa za hotuba zimefika Kisarawe, na fenesi jingine liko njiani, kubwa kuliko la kwanza. Castory ana stoo yenye dirisha, ya baridi kabisa. Mafuta nitatumia yake. Kipimo cha miezi mitatu kitasoma mpaka Februari; bila shaka fenesi moja litapotea katikati ya mchicha mwingi. Nimeanza hotuba ya mwakani.

Nimemuaga Tatu, nikamwambia naenda kumshukuru Castory. Akasema ni jambo jema. Akanifunga kifungo cha shati, akanitilia pipi mbili mfukoni, akabaki mlangoni akinitazama mpaka nilipokata kona.

Nimezimaliza zote kabla sijafika lami.