Askari wa Stroberi Zangu

Jumatatu, 9 Juni
Nimemwahidi rafiki yangu Lela stroberi ishirini za keki yake ya bathdei Jumamosi. Akacheka, eti mtaa mzima wa Kaloleni hauna hata moja. Hajui anaongea na nani! Nimezipanda kwenye makopo sita matupu ya rangi nyuma ya nyumba, na zinaanza kuiva. Shuleni nilifeli kilimo kwa sababu mwalimu alikuwa na wivu.

Jumanne, 10 Juni
Uvamizi! Wadudu wekundu wenye madoadoa meusi, wanatembea juu ya majani yangu kama wenye ploti. Nimeua kumi na mmoja kwa ndara. Kuna pia vidudu vya kijani, vidogo kama chumvi. Vimetulia, havisumbui mtu. Sisimizi wanavipapasa kimoja kimoja kama askari wa geti. Nimewaajiri. Mshahara: kijiko cha sukari kwa kila kopo.

Dada Ndinda, jirani mwenye sukuma wiki kwenye magunia, ameniambia nimeua walinzi na kulisha wezi. Eti wekundu ndio hula vile vya kijani. Nikamuuliza kama ana digrii ya wadudu. Akasema ana macho. Wivu tu.

Alhamisi, 12 Juni
Majani yamejikunja, yananata kama meza ya kibanda cha chai. Vya kijani sasa ni maelfu. Stroberi nne zimetobolewa. Sisimizi wamo ndani, nadhani wanakagua. Nimeongeza sukari. Mama ameuliza sukari ya chai imeenda wapi. Nimemwambia maisha yamepanda.

Ijumaa, 13 Juni
Dada Ndinda ameniletea chupa ya soda imejaa wale wekundu. Eti Musab, kijana wangu, wafungulie tu. Nikamshukuru kwa heshima. Alipoenda sokoni nikawamwaga wote kwenye sukuma yake. Akae na majambazi wake!

Jumamosi, 14 Juni
Nimevuna. Stroberi moja. Nikamwambia Lela ishirini ni ushamba. Akaigeuza, akakuta sisimizi ndani, akauliza kama huyo naye amealikwa. Wageni wote wakacheka. Keki imepambwa kwa ndizi. Nimepewa kipande cha pembeni.

Jumapili, 15 Juni
Nimechungulia. Sukuma ya Dada Ndinda inang'aa, haina hata tundu. Amenipungia mkono, akanishukuru kwa kumrudishia wadudu wake. Anajikaza tu, maskini. Ndani analia.

Kesho napanda upya. Katika shida yote hii, sisimizi pekee ndio hawajanikimbia. Nimewapandisha cheo. Kuanzia leo wanalipwa asali.