Presha Yangu Inakataa Kupanda

Jumatatu, 2 Juni 2025. Chwele.

Nimepata mpango! Sista Jerono, nesi wa utafiti wa presha kule Kitale, alimpigia binti yangu Fridah kumpa pole tena. Katika kuongea akataja kwamba bado wanatafuta watu. Utafiti ni ule ule wa marehemu mke wangu Nelima. Kuna kidonge kipya kinacholinganishwa na cha zamani, na hata Jerono mwenyewe hajui nani anameza kipi. Nelima alimeza chake mwaka mzima bila kukosa. Presha ikatulia. Kilichomchukua mwezi wa tatu ni nyumonia. Naandika hivyo kwa sababu watu wa hapa sokoni wanapenda kumalizia habari wenyewe.

Alhamisi zilikuwa zetu. Anapimwa, anaulizwa amelalaje, halafu tunaenda kunywa chai. Andazi langu la pili anakula yeye, akisema ananilinda nisinenepe. Sasa hakuna anayeniuliza nimelalaje. Nikiingia kwenye utafiti nitaulizwa, tena na mtu anayeandika jibu.

Kikwazo ni kimoja. Sina presha.

Jumatano, 4 Juni

Samaki wa chumvi asubuhi, mchana na jioni. Fridah ameuliza kwa nini naramba chumvi kama ng'ombe. Nimesema ni hamu tu. Akaniangalia kwa macho ya mama yake.

Alhamisi, 5 Juni. Kitale.

Kiu! Nilimaliza chupa mbili za maji kabla ya kufika getini.

Masharti: watanipima Alhamisi tatu, na angalau mara moja namba ya juu ifike mia na arobaini.

Kwenye benchi nilimkuta Kipkemei. Alikuwa dereva wa lori la mahindi, na yuko kwenye utafiti tangu wakati wa Nelima. Anaringia presha yake kama mtu mwenye ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi. Ati siku ya kwanza mashine ilipiga mia na themanini, daktari akasimama! Akaniambia presha ni ya watu wenye mawazo, na mimi Wabwile nina mawazo gani bana, mtu wa kupanda sukuma wiki.

Jerono akaniketisha kwenye kiti cha dirishani. Kiti cha Nelima! Akasema mgongo uegemee, miguu nisikunje, nisiongee, nitulie dakika tano. Maneno yale yale. Nelima alikuwa akimwambia hivyo kuku wetu aliyekataa kuatamia. Nikamkumbuka ameinama mlangoni, anamkanya yule kuku aache kuongea. Saa ya ukutani bado iko nyuma, na nje ya dirisha ule mti bado unaangusha maua kwenye pikipiki za watu.

Mia na kumi na nane.

Samaki wote wale!

Alhamisi, 12 Juni. Kitale.

Mpango wa pili. Kahawa nyeusi, vikombe vitatu. Halafu kutoka steji ya matatu mpaka hospitali nikakimbia, na kofia mkononi. Mwenye bodaboda akanifuata akiuliza kama nimeibiwa. Niliingia nikihema, moyo unapiga ngoma. Nikanyoosha mkono: pima, Sista, pima haraka!

Jerono akasema pole, mzee, hakuna haraka. Kwanza pumzika kwa kile kiti.

Kile kiti. Nilipigana nacho. Niliwaza wezi wa mahindi. Niliwaza bei ya mbolea. Lakini jua liliingia pale magotini, mahali ambapo Nelima alikuwa akiweka mkoba wake, na ndani ya mkoba mna sweta yangu, kwa sababu mimi husahau.

Nilipata usingizi. Jerono aliniamsha kwa upole. Mia na kumi na sita.

Kipkemei alicheka mpaka akakohoa. Ananiita Mzee Betri Imeisha.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani niliimba kwa nguvu zote kutafuta mpango. Nimeupata wakati wa sadaka. Hasira! Nimempigia Kipkemei. Nimemwomba Alhamisi anitukane, tena nikiwa tayari kitini. Amesema hiyo ni kazi ndogo, atanifanyia bure.

Alhamisi, 19 Juni. Kitale.

Kipkemei alisimama mlangoni, akajifanya anamtafuta daktari. Akaanza. Shamba langu ni la magugu. Fahali wangu anaogopa ndama. Mimi nilitulia tu. Akatukana viatu vyangu. Bado. Akaona aibu, jasho likamtoka, akatupa jiwe la mwisho: "Hata mkeo alikuwa anakucheka hapa hapa! Alisema ukiimba kanisani ni kama jenereta inakataa kuwaka. Na akasema siku ile jenereta itanyamaza, yeye hatajua Jumapili imefika."

Nilikuwa sijui.

Kumbe alikuwa akiniongelea. Nikienda kununua chai, alikuwa akiniongelea na watu hawa. Nikacheka, na machozi yakanitoka, na Kipkemei naye akaanza kufuta macho kwa kofia, na wakati huo mashine ikalia.

Mia na kumi na mbili. Ndogo kuliko zote!

Jerono alifunga mlango akakaa. Nikamwambia yote, mpaka samaki. Hakunigombeza. Alisema ningeingia kwa presha ya uongo, dawa ingeonekana imemponya mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Namba za wagonjwa wa kweli zingeharibika, na za Nelima zimo humo. Sikuwa nimefikiria hivyo. Nelima sasa ni namba kwenye kompyuta, na ile namba bado inafanya kazi, inasaidia watu ambao hawatajua jina lake. Na mimi nilikuwa naibebea chumvi.

Akaongeza kwamba si lazima niwe mgonjwa ndipo nije. Alhamisi nipite tu, tunywe chai. Kipkemei akapaza sauti nje ya mlango kwamba ana mambo mengine Nelima alisema, na mengi ni mabaya.

Ijumaa, 20 Juni. Chwele.

Nimefikiria usiku kucha. Nimejifunza. Siwezi kuwadanganya watu wa utafiti wa presha tena. Kamwe!

Lakini mtu mzima hawezi kwenda hospitali kunywa chai tu, bila sababu. Watu watasema nini? Na jana nikitoka niliona tangazo ukutani. Utafiti mwingine, wa dawa ya kisukari. Chumba ni kile kile, siku za Alhamisi. Huko hakuna namba za Nelima za kuharibu.

Wanataka mtu aje bila kula chochote tangu jioni. Sawa kabisa. Soda si chakula.

Nimenunua kreti.